Shule maalumu ya bweni, kitengo au shule ya mtaani: mtoto mwenye ulemavu umpeleke wapi?

Kila ikifika Oktoba uandikishaji wa awali na darasa la kwanza ukianza, wazazi wananiuliza swali lile lile, mwalimu huyu mtoto nimpeleke wapi. Mmoja kaambiwa na shangazi yake ampeleke bweni mapema azoee, mwingine kasikia redioni kwamba siku hizi ni elimu jumuishi kwa hiyo popote anasoma, mwingine kaenda shule ya karibu na kwake akaambiwa hapa hatuna mwalimu wa watoto wa hivyo, jaribu kwingine. Mi nafundisha kitengo cha elimu maalumu hapa Tanzania kwa hiyo nawaona watoto wa njia zote, wanaohamia kwetu kutoka bweni, wanaotoka kwetu kwenda darasa la kawaida, na wale waliokaa nyumbani mpaka wamekuwa wakubwa ndo wanaletwa. Basi nizilinganishe hapa nikiwa na nafasi, maana getini pale na mtoto analia hatuwezi kuongea vizuri.

Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukiujua. Kwa watoto wengi shule ya mtaani ndo iwe ya kwanza kufikiriwa, ila sio kwa wote, na kinachoamua ni mawasiliano, yaani darasani kuna nani anayeweza kuongea na mtoto wako akaelewa na mtoto naye akijibu akaeleweka? Hata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imekaa hivyo hivyo, mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, ya serikali au binafsi, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu. Wengi wanaisoma nusu ya kwanza tu.

Njia zenyewe ni hizi. Shule maalumu ni ile ya watoto wa ulemavu wa aina moja, mara nyingi bweni, na nyingi zilianzishwa na makanisa, kama Buigiri kule Chamwino Dodoma ya wasioona ambayo ipo tangu 1950, Irente ya Lushoto, Furaha ya Tabora, na kwa viziwi kuna Tabora, Mwanga Kilimanjaro na Buguruni hapa Dar. Kitengo ni darasa au madarasa ndani ya shule ya kawaida yenye mwalimu wa elimu maalumu, zipo ambazo kitengo ni chumba kimoja na zipo kubwa zilizochanganya kweli kweli kama Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam na Mugeza Mseto ya Bukoba. Ya tatu ni shule ya mtaani, mtoto anaingia darasa moja na watoto wa jirani, na ndo inayoitwa jumuishi, ijapokuwa jina hilo shule inaweza kupewa kwenye makaratasi wakati ngazi za mlangoni bado zile zile.

Mtoto kiziwi

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndo panapoharibika sana. Mtoto kiziwi wengi wanazaliwa kwenye familia inayosikia, nyumbani hakuna lugha ya alama, kuna zile ishara za kula, kulala, njoo, nitakuchapa. Anafika miaka saba hana lugha yoyote iliyokamilika, sio Kiswahili sio alama. Sasa mtoto huyu ukimweka kwenye darasa la watoto mia na zaidi, mwalimu anaongea huku kageukia ubao, unadhani anapata nini? Anakopi. Anakopi vizuri kabisa, mwandiko mzuri kuliko wote, madaftari yamejaa vema, mzazi anafurahi, na ukimwonyesha neno moja kwenye daftari lake mwenyewe hajui ni kitu gani. Nimewapokea watoto wa namna hii wakiwa darasa la nne, la tano, tunaanza nao mama, baba, maji, na ile miaka ambayo ubongo unashika lugha kirahisi imeshapita.

Kwa hiyo kwa kiziwi mi siogopi kusema, shule ya viziwi au kitengo chenye viziwi wengi ni bora kuliko shule ya mtaani kama ilivyo leo. Nikisema wengi namaanisha wa rika tofauti, kwa sababu mtoto anajifunza lugha kwa kuwaona wakubwa wakibishana, wakisimuliana mpira, wakigombana wakati wa kula. Mwalimu mmoja na watoto wawili hawatoshi kuwa lugha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, kwenye kifungu cha 24 unasema viziwi, wasioona na viziwi wasioona wafundishwe kwa lugha na njia inayowafaa wao na kwenye mazingira yanayowakuza kimasomo na kijamii, kwa hiyo anayekuambia kumpeleka kwa viziwi wenzake ni kumtenga hajausoma mpaka mwisho.

Kati ya shule ya viziwi ya bweni na kitengo cha kutwa, kitengo kina faida moja kubwa, mtoto analala kwenu. Ila angalia mwalimu mwenyewe anajua lugha ya alama kweli? Ingia darasani ukae nyuma nusu saa, ukiona mwalimu anaongea kwa mdomo muda wote na kuchora alama moja moja hewani, na watoto wakiongea wenyewe kwa wenyewe yeye hawafuati, basi hapo hamna kitu. Zamani shule zetu kadhaa zilishikilia kusoma midomo na kulazimisha sauti, na alama zenyewe zilikua tofauti shule na shule, sasa hivi tuna Lugha ya Alama ya Tanzania ambayo CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, wameipigania miaka mingi, na ukiweza kupata shule yenye mwalimu ambaye yeye mwenyewe ni kiziwi usiiache hata kama nauli ni kubwa kidogo.

Na mzazi jifunze. Hili nalisema kwa uchungu. Mtoto anaenda bweni anapata lugha, anapata marafiki, anarudi likizo Juni amejaa habari na hakuna mtu nyumbani wa kumwambia, anakaa pembeni kama mgeni mpaka shule ifunguliwe. Matawi ya CHAVITA yapo mikoani, waulize kuhusu mafunzo, uende na kaka zake na bibi yake.

Wenye usikivu hafifu wanaosaidika na shime sikio (kifaa cha kusaidia kusikia) ni habari nyingine, hao shule ya mtaani inawezekana, kiti cha mbele, mwalimu ageuke wakati anaongea, ila piga hesabu ya betri na ya kubadilisha kile kipande cha kuingia sikioni maana mtoto anakua na kinaanza kupwaya na kupiga filimbi, wengi wanaishia kukiweka kabatini.

Asiyeona, mwenye uoni hafifu, mwenye ualbino

Hawa watu wanawaweka kapu moja na sio kapu moja.

Asiyeona kabisa anahitaji vitu viwili mapema, nukta nundu (maandishi ya kusoma kwa vidole) na kutembea mwenyewe na fimbo nyeupe. Hivyo viwili shule ya mtaani bila mtaalamu haiwezi kumpa. Kwa hiyo miaka ya mwanzo napendelea kitengo chenye mashine za Perkins za kuandikia nukta nundu zinazofanya kazi (ziulizie, ziguse, nyingi zimelala zimekufa) au shule ya wasioona, alafu akishashika kusoma aingie darasa la kawaida na mwalimu wa kitengo awe anamhamishia kazi zake kutoka nukta nundu kwenda maandishi ya kawaida ili mwalimu wa somo asahihishe. Kwanini nasisitiza aingie mapema? Kwa sababu sekondari hatakua na wasioona peke yao, watoto wetu wanaenda shule kama Mpwapwa au Korogwe Wasichana wanasoma pamoja na wanaoona, na aliyekaa miaka saba na wasioona tu akaletwa ghafla kwenye darasa lile anapata shida ya watu kabla hata ya shida ya masomo.

Mwenye uoni hafifu, mwacheni atumie macho yake. Miwani iliyopimwa, lensi ya kukuzia, maandishi makubwa, kiti cha mbele. Baraza la Mitihani (NECTA) wanatoa mitihani ya maandishi yaliyokuzwa na wanaongeza muda, ila lazima shule imwandikishe kwamba ana uhitaji huo, ukikaa kimya anapewa karatasi ya kawaida.

Mwenye ualbino wengi wao wako hapa hapa kwenye uoni hafifu, wanasoma maandishi ya kawaida wakiyasogeza karibu. Kumpeleka shule ya wasioona akafundishwe nukta nundu wakati anaona ni kumpunguzia, na imetokea sana. Yeye nafasi yake ni shule ya mtaani, akae mbele ila sio pale dirisha linapompiga mwanga usoni, mwalimu asome kwa sauti anachoandika, aruhusiwe kusogea ubaoni, sare ya mikono mirefu na kofia pana, na paredi ya saa nne juani asisimame. Losheni ulizia Kilisun inayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi, muulize daktari wa ngozi wa mkoa.

Najua hapa kuna mzazi anasema mwalimu we unaongelea kiti cha mbele mi naogopa mwanangu atachukuliwa. Nakuelewa. Baada ya yale mauaji ya wenye ualbino ya kuanzia miaka ya 2007 huko, watoto walikusanywa kwenye shule na vituo vya Buhangija Shinyanga, Kabanga Kasulu, Mitindo Misungwi, na kwa wakati ule yalikua maisha na kifo. Kama bado kuna tishio la kweli unapoishi, usalama unatangulia chochote nilichoandika hapa. Ila wapo waliopelekwa wadogo na hawakuja kuchukuliwa tena, wakakua hawajui ndugu zao, na hiyo nayo ni hasara, isifanywe kama njia ya kawaida ya kumsomesha mtoto mwenye ualbino.

Ulemavu wa viungo

Hapa jibu langu ni fupi, shule ya mtaani. Akili yake iko sawa, masikio sawa, macho sawa, kinachomzuia ni ngazi, choo na umbali. Kumpeleka mkoa mwingine bweni kwa sababu ya ngazi tatu ni kumuadhibu mtoto kwa kosa la fundi. Darasa likiwa ghorofani, darasa lihame lishuke chini, hiyo haina gharama hata senti moja, inahitaji mwalimu mkuu akubali tu. Ramp (njia ya mteremko badala ya ngazi) ni mifuko michache ya saruji na kamati ya shule ikiamua wiki moja imeisha.

Choo ndo shughuli. Wasichana wenye kiti mwendo au wanaotembea kwa magongo wanashinda bila kunywa maji tangu asubuhi ili wasiende choo cha shimo chenye maji sakafuni, wanatambaa kwa mikono pale, alafu tunashangaa mbona hasikilizi darasani, mbona anaumwa UTI kila mara. Ukienda kuangalia shule anza na choo, usianze na matokeo ya darasa la saba. Mlango upana unapitisha kiti? Kuna pa kukalia na pa kushika?

Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo wazi mara nyingi anahitaji kutolewa mkojo kwa mpira kila baada ya masaa kadhaa, akiwa mkubwa anafundishwa kufanya mwenyewe, akiwa mdogo mama anakuja. Kwa huyu ukaribu wa shule na nyumbani ndo kila kitu, shule nzuri ya mbali haimfai.

Na wenye mtindio wa ubongo ambao maneno hayatoki vizuri, tafadhali sana, asiandikwe ulemavu wa akili kwa sababu tu anadondosha mate na anachelewa kujibu. Nimekaa na watoto kama hao kitengoni, ukimpa muda na picha za kuonyesha kidole unakuta anajua hesabu kuliko wenzake wa darasa la kawaida. Apimwe kabla hajapangwa, halmashauri uliza kituo cha upimaji kiko wapi, na usikubali upimaji wa kumwangalia mtoto dakika tano.

Ulemavu wa akili na usonji

Hapa kitengo ndo kimeshika, na kitengo kizuri ni kizuri kweli. Watoto wachache, kazi inakatwa vipande vipande, anajifunza kufunga vifungo, kuhesabu chenji, kuvuka barabara, kusoma jina lake. Mwenye usonji ambaye kelele zinamuumiza, lile darasa la mia na ishirini chini ya bati mvua ikinyesha ni mateso, hata tusidanganyane.

Ila kitengo kibaya ni stoo ya watoto. Chumba cha mwisho kabisa karibu na vyoo, watoto wa miaka sita na wa kumi na saba pamoja, wanafagia uwanja, wanakula uji, wanarudi, mwaka wa nane huu na hakuna anayeweza kukuambia mtoto amejua nini ambacho mwaka jana hakujua. Swali la kuuliza ni hili, naomba kuona mpango wa mtoto mmoja mmoja. Kama mwalimu hana hata daftari la kuandika huyu tunataka ifike Juni awe anafanya moja mbili tatu, ujue hamna mpango. Uliza pia ni vipindi gani watoto wa kitengo wanaungana na wenzao, michezo, sanaa, paredi, chakula. Kitengo ambacho hata mapumziko wanatolewa saa tofauti na wengine wameshajengewa ukuta.

Na mtoto mwenye Down syndrome anayeongea na kucheza na watoto wa mtaani vizuri, mi ningejaribu awali ya shule ya mtaani kwanza, pale watoto bado wanaimba na kuhesabu mawe, huku kitengo kikiwa kinajulikana kipo wapi. Kutoka shule ya mtaani kuja kitengo ni rahisi, kutoka kitengo kwenda darasa la kawaida kuna shule hawajawahi kulifanya hilo hata kwa mtoto mmoja, uliza. Baadaye akiwa kijana kuna ufundi, chuo cha Yombo Dar cha watu wenye ulemavu na VETA, kwa hiyo lengo sio lazima liwe cheti cha darasa la saba.

Kiziwi asiyeona, hapa usihangaike kulinganisha, tafuta mahali penye mtaalamu wa hilo hilo, Uhuru Mchanganyiko wana kitengo chao, na hawa wanahitaji karibu mtu mmoja kwa mtoto mmoja.

Bweni lenyewe

Nimeligusa gusa, niliseme lote. Bweni linaokoa mtoto ambaye kwao shule yenye lugha yake iko mbali sana, linaokoa pia anayefichwa ndani. Serikali inalisha watoto kwenye shule za bweni za serikali, ada hamna tangu 2016. Kwa upande wa pesa mara nyingi bweni ni nafuu kuliko kutwa, maana kitengo cha kutwa kwa anayekaa mbali ni bodaboda kwenda na kurudi kila siku au mama kumbeba mgongoni mpaka kituoni na makonda kukataa kiti mwendo, na mama huyo hawezi kushika kazi nyingine, hiyo gharama hakuna anayeiandika.

Lakini mtoto wa miaka sita kulala mbali na mama ni bei kubwa, na kwa mtoto asiyeweza kueleza yaliyompata usiku ni kubwa zaidi. Ukienda kuangalia bweni usiishie ofisini kwa mwalimu mkuu, omba uone pa kulala. Matroni ni wangapi na watoto wangapi, usiku anakuwepo nani, wakubwa na wadogo wamechanganywa? Madirisha yana nondo na mlango ni mmoja? Mwaka 2022 bweni la Buhangija liliungua na watoto wakafariki, kwa hiyo uliza moto ukitokea kiziwi anaamshwaje na asiyeona anatolewa na nani, na usione aibu kuuliza. Uliza utampigia nani simu na mtoto utaongea naye lini. Kama majibu ni wewe tuamini tu mama, rudi naye nyumbani.

Ukiamua shule ya mtaani na wakamkataa

Hili linatokea kila mwaka na mara nyingi linasemwa kwa upole, mama tunakuonea huruma ila hatuna mtaalamu. Ni kweli walimu hawatoshi, chuo cha ualimu Patandi wanatoa walimu wa elimu maalumu ila nchi ni kubwa na darasa limejaa, mi mwenyewe ni mwalimu naijua hiyo hali. Lakini kukosa mtaalamu sio ruhusa ya kumrudisha mtoto wa mtaa huo huo nyumbani, ni sababu ya shule kuomba msaada, na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 uliandikwa kwa ajili ya hayo.

Usigombane getini. Mwambie mwalimu mkuu naomba sababu kwa maandishi, wengi hapo hapo wanaanza kutafuta namna. Akikataa nenda kwa afisa elimu kata, kisha afisa elimu maalumu wa halmashauri, kila halmashauri anatakiwa awepo, na ustawi wa jamii wajulishe. Barua iwe fupi, jina la mtoto, umri, ulemavu alionao, karatasi ya hospitali au ya upimaji, tarehe uliyoenda na ulichoambiwa na nani, na mwisho unachoomba, kiti cha mbele, darasa la chini, ufunguo wa choo cha walimu. Andika vitu hivyo kwa majina yake, ukiandika naomba msaada tu inawekwa kwenye faili. Nakala peleka SHIVYAWATA (shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu) wa wilaya au chama cha ulemavu husika, na kama mtaani kuna wazazi wengine wawili watatu wenye shida hiyo sainini wote barua moja.

Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa siku hiyo hiyo, na uiwahi kabla ya shule kufungwa Desemba, Januari madawati yakishagawanywa kila kitu kinakuwa tutaangalia mwakani.